Viti vya mwanzi: Mnunuzi apindue kiti kabla ya kulipa

VITI vya mwanzi si vigeni katika baraza za nyumba, mikahawa na hoteli za Kisumu na mwambao mzima wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ni vyepesi kubeba, hupitisha hewa katika mji ambao joto la mchana huzungukia nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mara nyingi bei yake huwa nafuu ikilinganishwa na kochi la mbao ngumu lililojazwa sponji na kuvishwa kitambaa.

Hata hivyo, viti hivi vina sifa moja mbaya ambayo imewavunja moyo wanunuzi wengi. Kiti huweza kung'aa siku ya kununuliwa, kisha kabla ya mwaka kwisha kikaanza kudondosha unga mweupe sakafuni. Siku isiyo na jina mgeni huketi, mguu mmoja ukakatika, na mwenye nyumba akabaki akiomba radhi. Aliyepatwa na aibu hiyo hukata kauli kwamba mwanzi ni kitu dhaifu na kurejea kwenye viti vya plastiki.

Hukumu hiyo haiutendei mwanzi haki. Mwanzi uliokomaa, ukakaushwa na kutiwa dawa, hudumu miaka mingi ukiwa chini ya paa. Ule uliokatwa ungali mchanga, ukapakwa vanishi na kuuzwa wiki iyo hiyo, ni chakula cha wadudu. Tofauti baina ya viti hivyo viwili haionekani kwa mbele, kwa sababu vanishi huvipendezesha vyote sawasawa. Huonekana kiti kinapopinduliwa.

Jina moja, vitu vinne

Jambo la kwanza analopaswa kujua mnunuzi ni kwamba jina "kiti cha mwanzi" hutumiwa ovyo. Kando ya ziwa hubebeshwa angalau vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina adui wake.

Cha kwanza ni mwanzi wenyewe. Kitaalamu mwanzi ni jamii ya nyasi, wala si mti. Shina lake lina uwazi ndani na limegawanywa kwa vifundo. Mwanzi wa asili wa Kenya, uitwao na wanasayansi Oldeania alpina, humea katika nyanda za juu zenye baridi kama vile Mau, Mlima Elgon, Aberdare na Mlima Kenya, aghalabu katika miinuko inayopita mita 2,400. Kisumu iko karibu mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Kwa hivyo mwanzi huo wa milimani haukuota ufuoni, umesafirishwa.

Upatikanaji wake nao haujawa rahisi. Mnamo 1986 agizo la rais lilipiga marufuku ukataji wa mwanzi katika misitu ya serikali, na tangu hapo mafundi wengi wamelazimika kutegemea mashamba ya watu binafsi au mwanzi usiojulikana ulikotoka. Mnunuzi anapouliza kiti kilitoka msitu gani, haulizi swali la udaku.

Kwa upande mwingine, mwanzi wa kupandwa umekuwa ukienezwa katika eneo la ziwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), ambayo ina kituo Maseno, ilianza kujaribu aina za kutoka Asia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuanzia 2006, Chuo Kikuu cha Maseno kiliendesha mradi wa kuwashawishi wakulima wa tumbaku wa Nyanza Kusini, wakiwemo wa Migori, Kuria, Suba na Homa Bay, wajaribu mwanzi badala yake. Mradi huo uliongozwa na Profesa Jacob Kibwage na kufadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Miongoni mwa aina zilizopandwa ulikuwamo mwanzi mnene mno ambao shina lake hupita unene wa paja la mtu mzima, pamoja na ule unaojulikana kwa jina la kisayansi Bambusa vulgaris.

Huu wa mwisho unastahili tahadhari. Ndugu yake wa manjano mwenye michirizi ya kijani hupandwa katika nyua nyingi kwa urembo, na kwa kuwa uko karibu na haumilikiwi na serikali, huwa kishawishi kwa fundi mwenye haraka. Una wanga mwingi ndani ya nyama yake, na wanga ndio unaowaita wadudu. Kiti cha mwanzi huo bila dawa ni hasara iliyoahirishwa.

Kitu cha pili ni henzirani, mmea unaotambaa msituni ambao hupatikana kwa jirani zetu Uganda na ambao hutumika sana katika viti vya kusukwa. Kuutofautisha na mwanzi ni rahisi: atazame ncha iliyokatwa. Mwanzi una tundu katikati. Henzirani umejaa ndani. Henzirani hupindika bila kuvunjika, ndiyo maana viti vyake huwa na mikono na migongo ya duara. Kiti cha mwanzi mtupu aghalabu huwa na mistari iliyonyooka.

Cha tatu ni mafunjo, ambayo kwa Kidholuo huitwa togo. Haya ndiyo mali halisi ya ufuoni. Humea kwenye vinamasi kama kile cha Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya mji, na kwa vizazi yamesokotwa kuwa mikeka, vikapu na viti. Shina la mafunjo lina moyo mwepesi kama sponji. Kiti chake ni cha kupendeza na cha bei ya chini, lakini anayekinunua asikitarajie kuishi umri wa kiti cha mwanzi.

Cha nne ni gugumaji, na hiki kina historia ya pekee. Gugu hilo lenye asili ya Amerika Kusini lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam hadi mitumbwi na meli zikashindwa kupita. Wadudu wa kulidhibiti waliachiliwa ziwani upande wa Kenya kuanzia 1997, likapungua, kisha likarejea tena na tena. Katika kipindi hicho kituo cha ubunifu cha Kisumu kijulikanacho kwa kifupi kama KICK kilikuwa miongoni mwa waliogeuza balaa hilo kuwa fanicha. Mabua huvunwa, hukaushwa juani, husukwa kuwa kamba, na kamba hizo huzungushiwa kwenye kiunzi cha mbao, chuma au mwanzi. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugumaji ni maji, rundo kubwa la mabua mabichi hutoa kamba chache mno. Jasho lililomo katika kiti kimoja ni jingi kuliko linavyoonekana.

Kwa kifupi, mwanzi huuawa na mdudu, ilhali mafunjo na gugumaji huuawa na unyevu. Henzirani huogopa vyote viwili kwa kiasi. Mtu asiyejua ananunua nini hataweza kujua akilinde dhidi ya nini.

Dumuzi wa mwanzi

Wakulima wa mahindi wanamfahamu dumuzi, mdudu aliyeingia Afrika Mashariki kupitia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugeuza maghala kuwa vumbi. Mdudu anayekula viti vya mwanzi, Dinoderus minutus, ni wa familia moja naye. Ni mdogo, urefu wake ni takriban milimita tatu, rangi yake ya kahawia iliyoiva. Ngozi ya nje ya mwanzi ni ngumu na ina silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, hivyo huyu mharibifu haingilii hapo kwa urahisi. Hupenya kwenye ncha zilizokatwa, kwenye vifundo vilivyokwanguliwa na kwenye matundu ya misumari. Akishaingia hutaga mayai, na funza wanaoanguliwa hula wanga kwa kufuata urefu wa shina. Kwa nje kiti kinabaki kizima. Ndani mna unga.

Hapo ndipo vanishi inapodanganya. Ikipakwa juu ya mwanzi ambao tayari una mayai, humpa mdudu nyumba iliyoezekwa vizuri. Vanishi hulinda dhidi ya maji na uchafu tu. Dawa ya wadudu ni jambo jingine.

Kinga ya kweli hutangulia kazi ya fundi. Chipukizi la mwanzi hufikia kimo chake chote katika miezi michache, na hili huwalaghai wengi wakadhani limekomaa. Shina huhitaji miaka mitatu hadi mitano ili nyama yake igeuke ngumu. Baada ya kukatwa, njia ya jadi ni kulizamisha majini kwa wiki kadhaa ili wanga uyeyuke na kutoka, au kulifukiza moshi. Njia inayopendekezwa na wataalamu wengi siku hizi ni kulitumbukiza katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, kwa kawaida mafungu matatu ya boraksi kwa mawili ya asidi, baada ya kutoboa kuta za vifundo kwa ndani ili dawa ifike kila pingili. Kisha mwanzi husimamishwa kivulini ukauke taratibu.

Kukausha si jambo la kupuuzwa. Mwanzi mbichi kutoka baridi ya Mau ukiletwa katika joto la Kisumu na kuundwa kiti papo hapo, hujikunja na kupasuka pingili kwa pingili, hasa katika ukavu wa Januari na Februari. Wenye nyumba husikia mlio mkavu usiku, wakidhani ni panya.

Namna ya kukagua

Mnunuzi akifika Kibuye au penginepo kando ya barabara, asianze na bei. Akipindue kiti na kukitazama kwa chini, mahali ambapo burashi ya vanishi haikufika. Atafute vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Akiviona, akigonge kiti sakafuni mara mbili tatu. Unga mwepesi ukidondoka, wadudu bado wamo kazini. Kitundu kikavu kisicho na unga huenda ni cha zamani, lakini hakuna sababu ya kubahatisha.

Baada ya hapo atazame ngozi. Shina lililokatwa kabla ya wakati husinyaa likikauka na kuonyesha mikunjo ya urefu, mfano wa ngozi ya kidole kilichokaa majini. Shina lililokomaa hubaki laini na gumu, na likigongwa kwa kucha hutoa mlio wa wazi badala ya mlio mzito.

Maungio ndiyo yanayoeleza ufundi. Nyuzi za mwanzi hukimbia kwa urefu, kwa hivyo msumari uliopigiliwa moja kwa moja huupasua kama kuni. Fundi mjuzi hutoboa kwanza kwa keekee, akatia kijiti cha mbao ngumu au skrubu, na huchonga ncha ya mwanzi mmoja ikumbatie mgongo wa mwingine kabla ya kufunga kwa ukanda wa henzirani au ngozi. Kamba ya nailoni hufaa pia, ila huteleza juu ya ngozi ya mwanzi na kulegea baada ya muda. Palipo na msumari mtupu na ufa unaoanzia hapo, kiti hicho kina miezi ya kuhesabu.

Miguu nayo itazamwe mahali inapogusa chini. Yafaa iishie kwenye kifundo, kwa sababu hapo shina limeziba na ni imara. Mguu uliokatwa katikati ya pingili huwa mrija ulio wazi, unaofyonza maji ya kudekia na kumkaribisha mdudu. Kasoro hii ina tiba: mguu huweza kuzibwa kwa kipande cha mbao na kuvishwa kiatu cha mpira.

Mwisho mnunuzi aketi, aegemee kwa uzito wake wote na kujisukuma upande mmoja hadi mwingine. Mlio mdogo wa kamba ni wa kawaida. Kiti kinachoyumba kikiwa kipya hakitaacha kuyumba kikizeeka.

Na fundi aulizwe, kwa heshima, mwanzi ulikatwa wapi, ulikuwa na umri gani na ulitiwa dawa gani. Aliyeifanya kazi hiyo hujibu bila kusita, na mara nyingi hufurahi kuulizwa, maana ni nadra mteja kujali. Fundi wa namna hii huuza ghali kidogo kuliko jirani yake. Iwapo wateja wataendelea kumkimbia kwa ajili ya tofauti hiyo, ataacha kununua boraksi, na hata mkulima aliyeng'oa tumbaku yake apande mwanzi atakosa wa kumuuzia.

Kupamba bila kufunika

Urembo wa kiti hiki ni umbo lake, hivyo kisifunikwe kupita kiasi. Desturi ya Wakenya wengi ya kuvalisha kila kochi vitambaa vya kufuma kwa mkono ina heshima yake, lakini juu ya mwanzi vitambaa hivyo huteleza, huziba hewa na kuficha kile ambacho mtu alikilipia. Takia moja la kukalia na jingine la mgongo yatosha. Foronya ziwe za kuvuliwa na kufuliwa. Kitenge chenye rangi iliyokolea hupatana na manjano ya mwanzi. Kitambaa cha rangi ya kahawia huufanya uonekane mchovu.

Kiti cha mwanzi huelewana na mkeka wa mafunjo, nyungu na mimea, na hugombana na makochi makubwa ya ngozi katika sebule moja. Kiachwe umbali wa shibiri moja au zaidi kutoka ukutani ili hewa ipite, hasa katika nyumba za karibu na maji ambako kuta hupata unyevu.

Utunzaji

Kazi ya kila wiki ni kupangusa vumbi kwa burashi laini na kitambaa kikavu. Wale wanaoishi karibu kabisa na ziwa wanayajua makundi ya wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuvamia taa za baraza. Maiti zao zisisuguliwe zikiwa mbichi, kwani huacha doa. Ziachwe zikauke, kisha zifagiliwe.

Kiti kikichafuka, kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya sabuni isiyo kali kinatosha, kisha kikaushwe kivulini siku hiyo hiyo. Kisimwagiwe maji. Kwa kiti cha gugumaji au mafunjo hata maji ya kitambaa yawe kidogo mno, kwa kuwa kamba zake hunyonya kama utambi. Ukungu ukitokea msimu wa mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba, upanguswe kwa siki iliyotiwa maji, na kiti kitolewe penye upepo.

Jua na mvua ni suala la mahali pa kukiweka. Baraza nyingi za Kisumu hugeuzwa ziwani, yaani magharibi, na hupokea jua lote la alasiri, ambalo hupausha mwanzi na kuukausha hadi upasuke. Mvua nayo hufanya dhara lisiloonekana. Chumvi za boraksi huyeyuka majini, kwa hivyo kiti kilichotiwa dawa barabara kikiachwa nje msimu baada ya msimu, dawa huoshwa na kiti kikarudi kuwa chakula cha dumuzi. Mara moja kwa mwaka au miwili kisuguliwe kwa msasa laini na kupakwa upya vanishi au mafuta ya mbegu za kitani, na ncha zilizo wazi zipakwe kwanza.

Halafu kuna siku ambazo mwenye kiti hana usemi. Panapotokea matanga, harambee au posa, viti vya nyumba hutoka uani na vya jirani huazimwa, vikakesha nyasini katika umande. Haifai kumnyima mfiwa kiti. Linalowezekana ni kuvikusanya asubuhi, kuipangusa miguu na kuviweka upepeni kabla ya kuvirudisha ndani, na kukaza kamba zilizolegea wiki hiyo badala ya kungoja. Hali ni iyo hiyo baada ya mafuriko kama ya 2020, ziwa lilipopanda na kuingia katika makazi ya ufuoni. Kiti cha mwanzi kilichooshwa tope mapema na kukaushwa polepole huweza kuokolewa. Cha gugumaji kilicholala majini kwa siku kadhaa huokolewa kiunzi chake tu, nacho husukwa upya.

Kiti kikianza kutoa unga, kitengwe siku hiyo hiyo. Sehemu iliyoshambuliwa ikiwa ni mguu mmoja au ubao wa mkono, fundi huweza kuikata na kuweka mwanzi mwingine uliotiwa dawa. Matundu machache hudungwa dawa kwa sindano, kisha huzibwa kwa nta. Jambo la hatari ni kukipeleka kiti kama hicho ghalani "kikae kwanza", kwa sababu mdudu huyu hali mwanzi peke yake: hushambulia pia mihogo mikavu na nafaka, na kiti kilichotupwa karibu na magunia ya mahindi ni mbegu ya hasara nyingine.

Kilichooza kabisa kichomwe nje, mbali na jiko, kwa kuwa moshi wa vanishi haufai kwa chakula. Kabla ya kutiwa moto mianzi ipasuliwe kwa panga, maana pingili zilizofungika hulipuka kwa kishindo cha bunduki.